Sala Bila Chumba: Historia ya Ibada ya Kila Siku katika Mitaa ya Eastlands, Nairobi

Mafundisho ya Kikristo kuhusu ukaribu wa mwamini na Mungu wake yana nguzo moja inayofahamika katika madhehebu yote, nayo ni agizo la Yesu katika sura ya 6 ya Injili ya Mathayo, kwamba anayesali aingie chumbani, afunge mlango na kuzungumza na Baba yake kwa siri. Juu ya nguzo hiyo makanisa ya Kiprotestanti ya Uingereza ya karne ya 19 yalijenga desturi ya ibada ya binafsi, yaani muda ambao Mkristo huutenga kila siku, hasa alfajiri, ili asome fungu la Biblia na kuomba akiwa peke yake. Na chama cha Scripture Union, kilichoanza kutoa kadi za ratiba ya usomaji wa kila siku mwaka 1879, kiliipa desturi hiyo kalenda yake. Wamisionari walioileta Afrika Mashariki hawakuona haja ya kutaja mambo manne ambayo ibada hiyo iliyategemea, nayo ni chumba, mlango, taa na saa ambayo hakuna bosi anayeidai. Katika mitaa ya Eastlands, upande wa mashariki wa Nairobi, mambo hayo manne ndiyo hasa yaliyokosekana, na historia ya sala katika mitaa hiyo kwa muda wa takriban miaka mia moja ni historia ya watu waliojifunza kumkaribia Mungu kila siku huku wakiwa hawana mahali pa kuwa peke yao.

Uhaba huo ulipangwa. Serikali ya kikoloni ilimhesabu Mwafrika wa Nairobi kuwa kibarua wa muda ambaye kwao halisi ni rizavu, yaani eneo la mashambani lililotengewa kabila lake, hivyo ikampa mjini mahali pa kulala tu. Pumwani, mtaa rasmi wa kwanza wa Waafrika, ulianza mapema katika miaka ya 1920. Kariokor, uliorithi jina la kikosi cha wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, ukafuata mwishoni mwa muongo huo. Kijiji cha kale cha Pangani kilipobomolewa kuelekea mwisho wa miaka ya 1930, wakazi wake walielekezwa Pumwani na Shauri Moyo. Kisha ikaja mitaa ya Starehe, Ziwani na Kaloleni, huku Reli ikiwajengea wafanyakazi wake landi, yaani safu ndefu za vyumba, huko Muthurwa na Makongeni. Vyumba vingi vilikusudiwa wanaume walioacha familia zao mashambani, wakapangwa kadhaa katika chumba kimoja, na vyoo, mabomba ya maji na jikoni vikawa vya wote. Mkristo aliyetaka kupiga magoti kando ya kitanda chake alifanya hivyo mbele ya macho ya watu ambao huenda walikuwa wa kabila jingine, wa dini nyingine, au wasiotaka kusikia habari za dini kabisa.

Wakristo wa kwanza wa mitaa hiyo walifika wakiwa tayari wameitwa wasomaji huko walikotoka, kwa sababu katika misheni za Kikuyu, Nyanza na Ukambani ubatizo ulitanguliwa na darasa la kusoma. Walikuja na vitabu vichache. Biblia nzima ya Kiswahili cha Unguja ilikuwa imekamilika mwaka 1891, na ya Kiswahili cha Mombasa mwaka 1914, ilhali Agano Jipya la Kikikuyu na lile la Kijaluo yalitoka mwaka 1926. Mwanglikana alikuwa pia na kitabu cha sala kilichompa utaratibu wa Sala ya Asubuhi na Sala ya Jioni, na Mkatoliki alikuwa na rozari pamoja na sala ya Malaika wa Bwana, inayosaliwa asubuhi, adhuhuri na jioni. Chumbani walimolala watu kadhaa huku mwenye kitabu akiwa mmoja na taa ikiwa moja, kusoma kimya kulikuwa anasa. Kitabu kilisomwa kwa sauti, na asiyejua kusoma akashiriki kwa kusikiliza. Tena Pumwani ulikuwa mtaa ambao Waislamu walikuwa wengi na wenye heshima ya wenyeji wa mji, na adhana iliyogawa siku yao katika vipindi vitano ilisikika katika nyumba za Wakristo pia, kwa hiyo wazo kwamba siku ya mcha Mungu ina saa zake na kwamba saa hizo hujulikana na mtaa mzima halikuwa geni kwa yeyote aliyeishi hapo.

Upande wa Wakatoliki, utaratibu wa kuifanya sala ya kila siku kuwa jambo la kundi ulipata nguvu mpya mwishoni mwa mwaka 1936, Edel Quinn alipowasili Nairobi kutoka Ireland kama mjumbe wa Legio ya Maria, chama cha walei kilichoanzishwa Dublin mwaka 1921. Mwanachama wa Legio hufungwa na sala maalumu za kila siku, hukutana na wenzake kila wiki, na katika mkutano huo hutoa taarifa ya kazi aliyopewa, ambayo mara nyingi ni kuwatembelea wagonjwa na waliolegea katika imani. Quinn, ambaye alikuwa na kifua kikuu kwa miaka mingi, alifia Nairobi tarehe 12 Mei 1944 na kuzikwa katika makaburi ya wamisionari ya Msongari, lakini chama alichokipanda kiliota mizizi katika parokia za jiji, na mtindo wake wa kuunganisha sala ya mtu mmoja na uwajibikaji mbele ya wenzake uliifaa mitaa ambayo watu wake walikuwa tayari wanaishi bega kwa bega.

Badiliko kubwa zaidi, hata hivyo, lilitoka upande wa Waprotestanti, na chanzo chake kilikuwa Uganda na Rwanda. Mwaka 1929, katika kilima cha Namirembe mjini Kampala, daktari Mwingereza Joe Church, aliyefanya kazi katika hospitali ya misheni huko Gahini nchini Rwanda, alikutana na Mganda Simeoni Nsibambi, na watu hao wawili wakaketi kuisoma Biblia pamoja wakitafuta maisha ya kiroho yaliyo hai zaidi kuliko yale waliyoyaona makanisani. Kutokana na urafiki huo na mwamko wa Gahini wa miaka iliyofuata ulizaliwa Uamsho wa Afrika Mashariki, ambao wafuasi wake waliitwa Balokole kwa Kiganda, yaani waliookoka. Kikundi cha kwanza cha wahubiri wake kilifika Kabete, pembezoni mwa Nairobi, mwaka 1937, na katika miaka iliyofuata ujumbe huo ulisambaa katika makanisa ya Kianglikana na ya Kipresbiteri ya Kenya ya Kati na Nyanza, kisha ukaingia jijini pamoja na wafanyakazi waliokwenda na kurudi kati ya shamba na mji.

Uamsho haukuanzisha kanisa jipya. Kitu ulichokileta ni ushirika, yaani mkutano wa waliookoka unaofanyika angalau mara moja kwa wiki, nje ya ratiba ya Jumapili na mara nyingi bila kasisi kuuongoza, ambapo fungu la Biblia husomwa, kisha kila aliyepo hueleza jinsi alivyotembea na Bwana tangu mkutano uliopita. Neno la msingi lilikuwa kutembea nuruni, likiwa limetolewa katika Waraka wa Kwanza wa Yohana, na maana yake ni kwamba dhambi hutajwa kwa jina lake mara tu inapotambuliwa, haifunikwi wala haizungukwi: aliyemchukia mwenziwe kazini alisema hivyo, aliyechukua mali ya mwajiri alisema na kuirudisha, na aliyekopa bila nia ya kulipa alitakiwa kwenda kulipa. Wimbo wa Tukutendereza, ulioimbwa kwa Kiganda hata na watu wasiojua neno jingine la lugha hiyo, ulifuata kila ungamo kama alama kwamba jambo hilo limekwisha. Waliokutana njiani walisalimiana kwa kumsifu Bwana na kuitana ndugu, bila kujali kabila wala cheo, na mgeni aliyefika jijini kutoka kijiji cha mbali angeweza kupata mahali pa kulala kwa ndugu ambao hajawahi kuwaona.

Ni rahisi kuona kwa nini mtindo huo uliifaa Eastlands. Fundisho la ibada ya binafsi lilidai faragha, nao ushirika uligeuza kukosekana kwa faragha kuwa nidhamu, kwa kuwa katika chumba kimoja na watu watatu, au katika ploti, yaani safu ya vyumba vya kupanga, ambayo kila neno hupenya ukutani, mwenendo wa mtu ulikuwa unajulikana hata kabla hajaungama. Aliyejiita mwokovu huku akirudi usiku akiwa amelewa hangeweza kuuficha ulevi wake, na kwa sababu hiyo ushuhuda wake ulikuwa na uzito au ulikosa uzito kutokana na yale ambayo majirani waliyashuhudia asubuhi na jioni. Usomaji wa Biblia wa kila siku na maombi ya alfajiri yaliendelea kusisitizwa, lakini yalifanywa kwa kujua kwamba mwisho wa wiki kutakuwa na ndugu watakaouliza Bwana amesema nini. Ndani ya kanisa lenyewe nguvu ya watu hao ilidhihirika pale Obadiah Kariuki, mmoja wa viongozi mashuhuri wa uamsho nchini Kenya, alipowekwa wakfu kuwa askofu msaidizi mwaka 1955 pamoja na Festo Olang', wakiwa Waafrika wa kwanza kupewa uaskofu katika Kanisa la Anglikana nchini.

Wakati huo Nairobi ilikuwa katika Hali ya Hatari iliyotangazwa Oktoba 1952, na sala ya kila siku ilikuwa imeingia katika jaribu la damu. Mau Mau, vuguvugu la siri lililopinga ukoloni kwa silaha, lilikuwa na mtandao mkubwa Eastlands, kiapo chake kilitolewa katika vyumba vilevile ambamo watu walisali, na waliookoka wengi walikataa kula kiapo kwa hoja kwamba damu ya Yesu haiwezi kuchanganywa na damu nyingine. Baadhi yao walikataa pia kubeba bunduki za serikali, wakajikuta wakishukiwa na pande zote mbili. Tarehe 24 Aprili 1954 jeshi la Uingereza lilianza Operesheni Anvil, ambapo mitaa ya Waafrika ilizingirwa, makumi ya maelfu ya watu wakachujwa, na Wakikuyu, Waembu na Wameru wengi wakapelekwa vizuizini, Wakristo wakiwa miongoni mwao. Kumbukumbu ya Wakristo waliouawa kwa kukataa kiapo iliingia katika majina ya makanisa, kama vile kanisa kuu la Murang'a linaloitwa la Mtakatifu Yakobo na Mashahidi Wote, na hapa Eastlands kanisa la PCEA liitwalo Bahati Martyrs. Mwanahistoria mwadilifu hana budi kuongeza kwamba waliokula kiapo nao walikuwa na sala zao, na kwamba wengi wao walikuwa Wakristo waliobatizwa, hivyo mpaka kati ya imani na siasa ulipita ndani ya chumba na pengine ndani ya moyo wa mtu mmoja.

Mbali na makanisa ya misheni, Eastlands ilipokea makanisa ya Kiafrika ambayo yaliitoa sala nje ya nyumba kabisa. African Israel Church Nineveh, lililoanzishwa na Daudi Zakayo Kivuli magharibi mwa Kenya mwaka 1942, lilikuja na wafuasi wake waliovaa nguo nyeupe na kupita barabarani kwa maandamano ya ngoma na bendera, ibada ikiwa pamoja na kuungama hadharani, na Ijumaa ikiheshimiwa pamoja na Jumapili. Wakorino wa Kenya ya Kati, wenye vilemba vyeupe, walikuwa wamekwisha kupata misukosuko ya serikali tangu miaka ya 1930, na Legio Maria, kanisa tofauti na chama cha Legio ya Maria, lililojitenga na Kanisa Katoliki huko Nyanza mwanzoni mwa miaka ya 1960 chini ya Simeo Ondeto na Gaudencia Aoko, lilidumisha rozari pamoja na mikesha na maombi ya uponyaji. Kwa watu hao uwanja wazi kati ya nyumba, au kivuli cha mti kando ya barabara, ulikuwa hekalu la kutosha, na vazi lenyewe lilikuwa tangazo kwamba mvaaji yu chini ya uangalizi wa Mungu na wa watu siku zote.

Katikati ya karne sera ya makazi ilianza kubadilika. Kamati ya Carpenter ya mwaka 1954 ilipendekeza mshahara unaoweza kumlisha mfanyakazi pamoja na familia yake mjini, na mitaa mipya ikajengwa, miongoni mwayo Mbotela, uliopewa jina la Tom Mbotela aliyeuawa mwaka 1952, na Ofafa, kwa kumbukumbu ya diwani Ambrose Ofafa aliyeuawa mwaka 1953. Baadaye ikaja mitaa yenye majina ya Biblia, Jericho na Jerusalem, na baada ya uhuru Uhuru na Buruburu. Wake na watoto walipohamia mjini, kitovu cha ibada ya kila siku kilihama kutoka kwenye kitanda cha kibarua hadi kwenye meza ya familia. Biblia ya Muungano iliyotoka mwaka 1952, ikiwa tafsiri iliyounganisha wasomaji wa Kiswahili cha Unguja na wa Kiswahili cha Mombasa, iliwawezesha wanandoa wa makabila mawili kusoma kitabu kimoja. Waadventista Wasabato, ambao misheni yao ilianzia Gendia mwaka 1906, walikuja na utaratibu ulio wazi kuliko wote: kitabu kiitwacho Kesha la Asubuhi chenye fungu na tafakari kwa kila siku ya mwaka, lesoni ya Shule ya Sabato iliyogawanywa kwa siku saba, na ibada ya nyumbani asubuhi na jioni. Wanawake wa Kianglikana waliojiunga na Umoja wa Akina Mama waliombeana adhuhuri popote walipo, awe mwenye kibanda cha mboga au mwalimu wa shule.

Kanisa Katoliki nalo liliipa familia duara pana zaidi. Maaskofu wa Afrika Mashariki waliokutana Nairobi chini ya umoja wao wa AMECEA mwaka 1973 na tena mwaka 1976 waliamua kwamba maisha ya kanisa yajengwe juu ya Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, yaani vikundi vya familia jirani vinavyokutana nyumbani kwa zamu. Katika mitaa kama Dandora, mradi wa viwanja ulioanza katikati ya miaka ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ambapo mwenye kiwanja alikabidhiwa choo na bafu na kumalizia nyumba mwenyewe, jumuiya ilitangulia jengo la kanisa: watu walikusanyika kwenye chumba kimoja, viti vikaazimwa kwa jirani, Injili ya Jumapili ikasomwa na kurudiwa, kila mmoja akataja neno lililomgusa, kisha wakagawana kazi, nani amtembelee mgonjwa na nani akusanye mchango wa mazishi. Sala iliyoishia bila kazi ilihesabiwa kuwa haijakamilika, na Mkristo ambaye hajulikani katika jumuiya yake angepata tabu kuomba barua ya ndoa au ubatizo wa mtoto.

Katika miaka hiyohiyo ya 1970 kizazi cha vijana waliosoma kilianza kutafuta moto zaidi ya ule ulioachwa na wazee wa uamsho. Deliverance Church lilianzishwa Nairobi mwaka 1970 likiongozwa na Joe Kayo, na mwaka 1974 Arthur Kitonga akaanzisha Redeemed Gospel Church katika bonde la Mathare, mahali ambapo nyumba zilikuwa za mabati na udongo na faragha ilikuwa ndogo kuliko hata ya landi za Reli. Makanisa ya Kipentekoste yaliyofuata yalieneza kesha, yaani ibada ya usiku kucha, hasa Ijumaa, pamoja na mifungo na maombi ya saa kumi na moja alfajiri kabla ya matatu za kwanza kujaa. Kesha lilikuwa na mantiki ya kidini, kwa kuwa Kristo mwenyewe alisali usiku, lakini lilikuwa pia na mantiki ya mtaa: anayetoka kazini jioni sana hawezi kusali kwa utulivu katika chumba ambacho watoto wamelala nyuma ya pazia, na ukumbi uliofunguliwa hadi asubuhi ulimpa nafasi ya kulia, kupaza sauti na kunyamaza bila kumwamsha mtu.

Gharama ya ibada ya pamoja isifichwe. Macho yaliyomsaidia mwamini kusimama yaliweza pia kumhukumu, ungamo la hadharani liligeuka uvumi wa bombani, na katika baadhi ya vikundi vya uamsho mjadala juu ya mavazi, mikopo na mapambo ulichukua nafasi ya upendo ulioanzisha ushirika. Vipaza sauti vya makesha vilizua ugomvi na majirani, jambo lililoifanya serikali itumie kanuni za kelele za mwaka 2009 dhidi ya baadhi ya nyumba za ibada. Aliye na haya, mwenye shaka, au mwenye huzuni isiyosemeka mbele ya watu hakupata nafasi yake kwa urahisi katika mfumo ambao ulimtaka kila mtu aseme.

Mwaka 2020 historia iligeuka kwa ghafla. Ibada za pamoja zilisimamishwa mwezi Machi kwa sababu ya ugonjwa wa korona, na zilipofunguliwa mwezi Julai ziliruhusiwa watu wasiozidi 100 kwa muda usiozidi saa moja, watoto wa chini ya miaka 13 na wazee wa zaidi ya miaka 58 wakitakiwa kubaki nyumbani. Kwa mara ya kwanza mkazi wa Eastlands aliamriwa kusali bila kundi, ndani ya chumba ambacho bado kilikuwa kidogo. Familia zilifufua madhabahu ya nyumbani, kama wanavyoiita ibada ya pamoja ya wazazi na watoto, na simu ikachukua kazi ya ushirika, fungu la siku likitumwa alfajiri katika kundi la WhatsApp na ombi la mgonjwa likijibiwa kwa sauti iliyorekodiwa. Makanisa yalipofunguliwa kikamilifu, makundi hayo hayakufa.

Hukumu inayotokana na historia hii ni kwamba Eastlands haikuliasi agizo la Injili kuhusu chumba cha siri, bali ilionyesha kwamba siri hiyo haikutegemea ujenzi. Mlango uliofungwa ulikuwa nidhamu ya moyo, na ulifungwa na watu waliokuwa wakisikika na kila mtu. Kile ambacho upweke uliwapa Wakristo wa nchi nyingine, yaani ukweli mbele ya Mungu, mitaa hii ilikipata kupitia ndugu, jumuiya na jirani. Leo ambapo ghorofa za Umoja, Kayole na Donholm zimewapa wengi chumba, taa na mlango wenye kufuli, viongozi wa makanisa wanapaswa kuhakikisha kwamba waumini waliopata faragha hawapotezi ushirika uliowalea wazazi wao.